SOMO: Zumari ya Kikundi – Mdomo wa Mti au wa Bati?

Ndugu wanakikundi, mnapochanga pesa mnunue zumari ya kupigia harusi hapa Mji wa Kale, ubishi huwa ni mmoja: ule mdomo mpana wa chini uwe wa mti au wa bati? Tuangalie pamoja.

1. Sauti huanzia kwenye ulimi unaotetema. Matundu yakiwa wazi, nyingi hutokea humo. Mdomo wa chini husikika zaidi matundu yote yakizibwa.

2. Umbo na upana wa mdomo huibadilisha sauti kuliko kitu ulichotengenezewa.

3. Mti ukilowa na kukauka haraka hupasuka. Bati hubonyea, na hewa ya chumvi hulitia kutu.

Hata huko Ulaya, klarineti ya besi mara nyingi ina mwili wa mpingo, mti wa Tanzania na Msumbiji, na mdomo wa madini.

Basi msilipie jina. Fundi azipige zote mbili, nyinyi mmefumba macho, halafu mchague.

Jadilini: Nani ataitunza zumari? Ikiharibika, pesa za fundi zitatoka wapi?