Fyonza, Pakia, Teua: Tatizo la Vitenzi katika Maelezo ya Vitamini E

Aghalabu mwanafunzi atakiwapo kueleza habari za vitamini E kwa Kiswahili huandika sentensi moja: "Vitamini E hufyonzwa utumboni na kusafirishwa katika damu." Kisarufi sentensi hii haina kasoro. Kisemantiki inaficha hatua zilizo kiini cha jambo lenyewe.

Kitenzi fyonza huleta taswira ya kimiminika kivutwacho kwa mdomo. Vitamini E haiyeyuki katika maji bali katika mafuta. Hapana budi kwanza nyongo na vimeng'enya vya kongosho viitawanye, pamoja na mafuta ya chakula, katika vitonge vidogo mno, ndipo iingie katika seli za utumbo mwembamba. Humo hupakiwa katika chembe za mafuta na protini ziitwazo kilomikroni, ambazo hupitia limfu kabla ya kufika katika damu. Masazo yake yafikapo kwenye ini, protini maalumu huteua alfa-tokoferoli miongoni mwa maumbo 8 ya vitamini hii, nayo hurejeshwa katika damu ikiwa ndani ya lipoprotini. Vitamini A itokapo kwenye ini ina protini yake mahususi ya kuichukua; vitamini E ni abiria tu katika vyombo vya mafuta. (Jina tokoferoli limetokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya uzazi na kuchukua, lakini huko ni kuchukua mimba: Evans na Bishop waliigundua mwaka 1922 kwa kuchunguza uzazi wa panya.)

Suala hili si la ladha ya lugha. Mwaka 1995 ilibainishwa kuwa kasoro katika jeni ya protini hiyo ya ini husababisha upungufu wa vitamini E unaodhuru neva, hata mgonjwa akayumba aendapo. Utumbo wake hauna kosa. Kilichokosekana ni uteuzi. Upo pia ugonjwa wa kurithi ambamo kilomikroni haziundiki ipasavyo. Hapo kosa ni la upakiaji. Atumiaye fyonza kwa yote hana namna ya kuyatenganisha maradhi haya mawili.

Kwa hiyo tunapendekeza sharabu kwa seli za utumbo, pakia kwa kilomikroni na teua kwa ini. Huenda ikadaiwa kwamba sharabu nayo ina asili ya kunywa. Ni kweli, ila katika matumizi ya kawaida kitambaa husharabu mafuta sawa na maji, bila mdomo.