SOMO: NENO "UMBRA" NA KIVULI CHETU



Katika toleo hili tunajifunza neno moja la Kilatini, umbra, yaani kivuli. Huku Dodoma kivuli si jambo dogo. Kiangazi ni kirefu kuliko masika, na mikutano mingi ya vijiji hufanyika chini ya mti.

Maana zake

Kwa Warumi wa kale, umbra ilikuwa giza linalotokea kitu kinapozuia mwanga. Ilikuwa pia mahali pa kupumzikia penye ubaridi, na tena mzuka wa marehemu. Hata mtu aliyekuja karamuni bila kualikwa, akimfuata mwalikwa, aliitwa umbra. Sisi nasi tunalijua jambo hilo: Bungeni Dodoma wamekuwapo mawaziri vivuli, wabunge wa upinzani wanaofuatilia kazi ya waziri kama kivuli kinavyomfuata mwenyewe.

Neno hili limezaa mengine. Umbella ni mwavuli mdogo. Ndiyo sababu wataalamu wa mimea waliita jamii ya karoti na giligilani Umbelliferae, kwa kuwa maua yake hutandaa kama mwavuli. Kiswahili kilifika hapo kwa njia yake chenyewe: mwavuli na kivuli ni maneno ya shina moja.

Wanaastronomia nao huita umbra sehemu ya kivuli isiyopata mwanga wowote wa jua. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, wakaona jua limebaki pete. Siku hiyo mwezi ulikuwa mbali, na umbra yake haikufika ardhini.

Katika Maandiko

Mtakatifu Jerome, aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini mwishoni mwa karne ya 4 na mwanzoni mwa karne ya 5, alitumia umbra kwa uvuli wa mauti wa Zaburi ya 23. Neno hilohilo limo katika Zaburi ya 17, panapotajwa kivuli cha mbawa za Mungu. Pengine linatisha, pengine linahifadhi. Hivyo kila tunapokutana na kivuli, tuulize: ni kitu gani kinachokileta?

Kwetu Dodoma

Katika nchi kavu, anayekata mti huondoa ulinzi wa watu, mifugo na udongo. Mmomonyoko wa Kondoa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika.

Ipo pia njia isiyohitaji kitalu wala miche, iitwayo Kisiki Hai. Mkulima huchagua kisiki kinachochipua shambani, huacha machipukizi machache yenye nguvu, hukata mengine, huweka alama ya kitambaa, kisha hulinda dhidi ya mifugo na moto. Kwa kuwa mizizi tayari iko chini, mti hukua haraka kuliko mche uliopandwa kiangazi kikikaribia. Gharama yake kubwa ni uangalizi, na huo unahitaji kamati isiyochoka.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Wagonjwa, wanafunzi na kina mama wanaosubiri maji hapa kwetu hukaa kwenye kivuli gani?
2. Ni visiki vingapi vilivyo hai katika mashamba ya parokia?
3. Nani atavilinda hadi kiangazi kijacho, na mifugo itapita wapi?