Wakili Akiharibu Kesi Yako, Ufanye Nini?

Tukizunguka Kisii na Nyamira tunasikia lalamiko moja: "Wakili amekula pesa zangu," au "Wakili alinizungusha mpaka kesi ikafa." Basi leo tujifunze haki ya mteja.

Kwanza tuelewane. Kushindwa kesi peke yake si kosa la wakili; hata wakili mzuri hushindwa. Kosa ni uzembe, au kukosa uaminifu.

Tuchukue mfano. Mama amegongwa na matatu barabara ya Kisii kwenda Keroka. Sheria inampa miaka 3 kufungua kesi ya fidia. Anampa wakili karatasi za hospitali na za polisi. Kila akiuliza anaambiwa, "Kesi inaendelea, mama." Mwaka wa 4 anakwenda kortini mwenyewe, anaambiwa hakuna faili. Huo ni uzembe. Na kama bima ililipa na wakili akakalia pesa kimya, hilo ni kosa la nidhamu, na laweza kuwa jinai.

Mama huyu afanye hivi:

1. Amwandikie wakili barua na kubaki na nakala. Aulize kesi iko wapi na pesa ziko wapi.

2. Asipojibiwa, apeleke malalamiko kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, iliyoundwa mwaka 1989, chini ya ofisi ya Mkuu wa Sheria. Halipi kitu. Tume hujaribu kupatanisha. Makosa mazito huenda mbele ya Jopo la Nidhamu, ambalo laweza kumtoza wakili faini, kumsimamisha kazi au kumfuta kabisa.

3. Anaweza pia kumshtaki wakili kortini adai fidia. Lazima aonyeshe mambo mawili: kwamba wakili alizembea, na kwamba kesi ile ya kwanza ilikuwa na nguvu, kwa hiyo amepata hasara kweli. Kwa kawaida muda ni miaka 3 kwa uzembe, au 6 kwa kuvunja mapatano. Kuandikia Tume si kufungua kesi, kwa hiyo asikae akingoja majibu huku miaka inakwisha.

Je, ukiwa umetia sahihi karatasi inayosema hutamdai wakili akizembea? Usiogope. Sheria ya mawakili haiipi nguvu karatasi hiyo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Dai risiti kila unapolipa. Andika namba ya kesi na tarehe. Halafu nenda mwenyewe kwenye korti kesi ilikofunguliwa, iwe Kisii, Nyamira, Keroka au Ogembo, uulize faili yako. Usitume broka.

Ya kujadili kikundini:
- Nani kati yetu ana kesi na hajui namba yake?
- Risiti na barua zetu tunaziweka wapi?
- Nani atamsindikiza mwenzetu asiyejua kusoma?