SOMO LA WANACHAMA: Kupima Orodha ya Vyuo vya Uhandisi Kabla ya Kutoa Mkopo wa Ada

Madhumuni ya somo

Baada ya kulisoma na kulijadili somo hili, katibu na wanachama waweze:
(a) kueleza tofauti kati ya kuwa na sifa za kuomba chuo na kupata nafasi chuoni;
(b) kupanga orodha ya vyuo yenye mizani kwa kijana anayetaka kusomea uhandisi;
(c) kupanga utaratibu wa mkopo wa ada usiomwacha mwanachama na deni bila mtoto chuoni.

1. Utangulizi

Matokeo ya Kidato cha Sita yatokapo, maombi ya mikopo ya ada huanza kufika mezani kwa makatibu wa vyama vya akiba na mikopo. Muuza nafaka wa Kariakoo, fundi cherehani wa Magomeni Mapipa na dereva wa Magomeni Kagera huandika sababu moja: kumpeleka mtoto chuo kikuu. Kamati ya mikopo hutazama akiba ya mwombaji, wadhamini wake na uwezo wake wa kulipa. Ni mara chache inapouliza swali la nne: je, mtoto ameomba vyuo vipi?

Swali hilo si la kuingilia mambo ya nyumba ya mtu. Anayekopa kwa ajili ya biashara huulizwa atauza nini na atauzia wapi. Anayekopa kwa ajili ya ada naye hana budi kuulizwa mtoto atasoma nini, wapi, na kama pale hakupata, atakwenda wapi. Kanuni ya tano ya ushirika duniani inahusu elimu, mafunzo na habari. Chama kinachomshauri mwanachama kabla ya kumkopesha kinaitekeleza kanuni hiyo.

2. Mfano wa kujifunzia

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo, lakini makatibu wengi watautambua.

Binti mmoja wa Magomeni Mwembechai amemaliza Kidato cha Sita kwa mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hesabu. Amepata C katika Fizikia, D katika Kemia na C katika Hesabu za Juu. Anataka uhandisi wa umeme. Mama yake, muuza nafaka, ni mwanachama wa miaka mingi asiye na deni baya. Binti ameomba chuo kimoja tu, Mlimani, akajaza shahada tatu za uhandisi zinazogombewa na watu wengi. Mjomba aliposhauri waongeze vyuo vingine, baba alijibu, "Mshika mawili moja humponyoka." Mazungumzo yakaishia hapo.

Mama akaomba mkopo, chama kikampa fedha taslimu mwezi Agosti. Majina ya awamu ya kwanza yakatangazwa. La binti halikuwamo. Wakati familia ikingoja awamu inayofuata, kodi ya fremu ya duka ikafika, na mtoto mdogo akaugua. Fedha za ada zikatumika. Mwisho wa mwezi rejesho la kwanza likadaiwa. Mama akawa analipa deni la chuo ambacho mtoto wake hasomi.

Hapa hakuna mwizi wala mvivu. Binti amefaulu, mama ni mwaminifu, na kamati imefuata masharti. Kosa lilikuwa katika orodha, na hakuna aliyeikagua.

3. Sifa za kuomba si nafasi

Kwa waliomaliza Kidato cha Sita kuanzia mwaka 2016, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania huhesabu A kuwa pointi 5, B kuwa 4, C kuwa 3, D kuwa 2 na E kuwa 1. Sharti la chini ni pointi 4 katika masomo mawili yanayotakiwa na shahada inayoombwa. Kwa uhandisi, masomo hayo kwa kawaida ni Fizikia na Hesabu za Juu. Binti wa mfano wetu ana pointi 3 na 3, jumla 6. Amevuka sharti. Kwa nini basi amekosa?

Katibu wa chama anaweza kulijibu swali hili kuliko mtu mwingine. Mfuko wa mikopo ukiwa na fedha za watu kumi, na wenye sifa za kukopa wakawa thelathini, ishirini watarudi nyumbani ingawa hawana kosa. Nafasi za chuo ni hivyo hivyo. Shahada yenye nafasi chache na waombaji wengi hujazwa na wenye pointi za juu kwanza. Sharti la chini humruhusu mtu kupanga foleni. Halimwahidi kufika dirishani.

4. Madaraja matatu ya orodha

Orodha yenye mizani huwa na madaraja matatu, na yafaa kila daraja liwe na angalau nafasi mbili.

Daraja la kwanza ni vyuo vya kujaribu. Hapa ndipo penye ndoto ya kijana. Alama zake ziko chini kidogo ya zile za waliochukuliwa mwaka uliopita, lakini si mbali. Asizuiwe kuomba.

Daraja la pili ni vyuo vya kutegemea. Alama zake zinalingana na za waliochukuliwa mwaka uliopita. Hili ndilo lingepaswa kuwa pana kuliko yote.

Daraja la tatu ni vyuo vya akiba. Alama zake ziko juu ya zile zinazohitajika, na gharama zake familia inazimudu hata kama mkopo wa Serikali haukupatikana. Akiba haiozi.

Kuna sharti moja ambalo husahauliwa. Chuo cha akiba ni lazima kiwe kile ambacho kijana yuko tayari kukisoma kwa moyo. Chuo kilichoandikwa ili kujaza nafasi tu, ambacho kijana akichaguliwa hatakwenda, hakihesabiwi katika orodha. Ni sawa na mdhamini ambaye hajui kwamba jina lake limeandikwa.

Ama ile methali ya baba wa binti, ni ya kweli pale mtu anaposhika mambo mawili kwa wakati mmoja. Mwombaji wa vyuo hashiki viwili. Anabisha hodi milango mitano ili aingie mmoja.

5. Vyuo ni vingi kuliko vinavyodhaniwa

Wazazi wengi wanakumbuka zama ambazo "chuo kikuu" maana yake ilikuwa Mlimani. Kumbukumbu hiyo ina sababu. Kabla ya mwaka 1973 Tanzania haikuwa na kitivo cha uhandisi. Waliotaka shahada hiyo walikwenda Nairobi au ng'ambo. Mwaka 1973 Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa miaka mingi wazazi hawakuwa na jina jingine la kutaja. Hali hiyo imekwisha.

Kwa mwanafunzi wa Magomeni, vyuo kadhaa viko kando ya njia anayoijua. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1957 ikiwa chuo cha ufundi na kupewa hadhi ya taasisi mwaka 1997, iko mjini, katika makutano ya Barabara ya Morogoro na ya Bibi Titi Mohamed. Inatoa stashahada na shahada za uhandisi. Chuo cha Maji kiko Ubungo. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kilichoanzishwa mwaka 1975, kiko Mabibo. Chuo Kikuu Ardhi, kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2007, ni jirani wa Mlimani na hufundisha uhandisi wa mazingira miongoni mwa mengine.

Mikoani kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichokua kutoka chuo cha ufundi kilichoanza mwaka 1986. Chuo cha Ufundi Arusha, cha mwaka 1978. Chuo Kikuu cha Dodoma, cha mwaka 2007. Na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, cha mwaka 1984, ambacho kina uhandisi wa umwagiliaji na rasilimali za maji. Viko pia vyuo vya binafsi. Mtu asidhani kwamba chuo cha mkoani ni rahisi kuingia kwa kuwa kiko mbali. Kila shahada ipimwe kwa alama zake.

Njia ya stashahada nayo isidharauliwe. Mwenye stashahada yenye wastani wa 3.0 au zaidi, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya Kidato cha Nne, anaweza kuomba shahada inayolingana na fani yake. Njia hiyo ni ndefu zaidi, lakini anayeipita huingia shahada akiwa tayari ameshika bisibisi na kipimo kwa mkono wake.

6. Mambo manne ya kukagua

Kwa kila jina lililomo katika orodha, katibu na mzazi wakague yafuatayo.

Kwanza, ithibati. Shahada iwe imo katika kitabu cha mwongozo ambacho Tume ya Vyuo Vikuu hukitoa kila mwaka. Stashahada iwe inatambuliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Mwaka 2017 Tume ilivizuia vyuo kadhaa kuchukua wanafunzi wapya. Ndiyo kusema chuo kilichokuwa sawa mwaka jana hakina budi kukaguliwa tena mwaka huu.

Pili, usajili wa kazi. Mtu haitwi mhandisi kwa sheria kwa kuwa na cheti tu. Husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mzazi aulize mapema kama Bodi inaitambua shahada inayoombwa. Majina ya shahada hufanana, na tofauti ya neno moja yaweza kumgharimu kijana miaka.

Tatu, gharama yote. Ada ni sehemu tu. Ziko malazi, chakula, nauli, vifaa na mafunzo kwa vitendo, kwa miaka minne. Anayesoma Ubungo akilala kwao Magomeni hana kodi ya chumba. Anayekwenda Mbeya au Arusha anayo. Hesabu ya kila chuo iandikwe kwenye karatasi, mwaka kwa mwaka.

Nne, mkopo wa Serikali. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, hupokea maombi yake kwa njia yake. Kuomba chuo si kuomba mkopo. Vyeti vya kuzaliwa, na vya vifo kwa yatima, huhitaji kuhakikiwa na RITA, na kazi hiyo isingojee wiki ya mwisho. Mkopo waweza kutolewa kwa sehemu tu. Nao ni deni: kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara.

7. Simu na stesheneri

Tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja katika kila chuo anachokitaka. Akichaguliwa na zaidi ya kimoja, hana budi kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu anayotumiwa kwa simu au barua pepe, ndani ya muda uliowekwa. Asipothibitisha, nafasi yaweza kumponyoka.

Vijana wengi hujaziwa fomu katika maduka ya stesheneri. Mwenye duka akiweka namba yake ya simu ili kazi iende haraka, ujumbe wa chuo humfikia yeye. Kijana aweke namba ya nyumbani isiyobadilishwa, na aandike neno la siri katika daftari lake mwenyewe.

8. Utaratibu unaopendekezwa kwa chama

(a) Mwombaji wa mkopo wa ada aambatanishe nakala ya matokeo na orodha ya vyuo katika madaraja matatu.
(b) Kamati iidhinishe mkopo, lakini fedha zisitolewe kabla ya barua ya udahili.
(c) Ada ilipwe chuoni kwa namba ya kumbukumbu ya malipo iliyotolewa na chuo, wala isipitie mikononi.
(d) Fedha za kujikimu zitolewe kwa muhula.
(e) Mkopo wa Serikali ukipatikana baadaye, kiasi cha mkopo wa chama kipunguzwe.

Utaratibu huu ungemsaidia binti wa Mwembechai. Katibu angeona chuo kimoja katika karatasi na kuuliza. Angeshauri Mlimani ibaki katika daraja la kujaribu. Kisha, baada ya kulinganisha alama za mwaka uliopita, uhandisi wa umeme wa vyuo viwili vingine uingie katika daraja la kutegemea. Na fani ya umwagiliaji au stashahada ya umeme karibu na nyumbani iwe akiba. Huenda Mlimani wangemkosa vile vile. Lakini mwezi Oktoba angekuwa darasani mahali fulani, na fedha za mama yake zingekuwa chuoni badala ya kwenye kodi ya fremu.

9. Maswali ya kujadiliwa kikundini

1. Kijana ana Fizikia D na Hesabu za Juu E. Ana pointi ngapi? Je, ametimiza sharti la chini? Mshaurini afanye nini mwaka huu.
2. Mwanachama anasema, "Mtoto wangu hatasoma chuo kingine ila kile." Katibu amjibu nini bila kumvunjia heshima?
3. Chama chenu hutoa mkopo wa ada kabla au baada ya barua ya udahili? Chukueni daftari la mikopo la mwaka jana, mhesabu ni mikopo mingapi ya ada ambayo watoto wake wako chuoni leo.

Majibu ya swali la tatu yasomwe katika mkutano mkuu wa chama.