Dondoo muhimu: Kulinda viti vya gari vya kitambaa
Chai ya maziwa ikimwagika kitini, usisugue! Utaisukuma hadi kwenye sponji, na maziwa yakichacha humo gari litanuka kila likikaa juani. Gandamiza kitambaa cheupe kikavu, ukianzia ukingoni kwenda katikati. Kisha tumia maji baridi yenye sabuni kidogo, gandamiza tena, na uache milango wazi hadi pakauke. Maji ya moto hugandisha maziwa, na damu pia.

Mafuta ya chipsi yanyunyizie poda ya mtoto, subiri nusu saa, pangusa kwa brashi. Tope lisubiri likauke. Jiki hapana, hubabua rangi.

Kinga bora ni kava zinazofulika. Kama kiti kina mfuko wa hewa ubavuni, nunua zilizoshonwa kwa ajili yake. Kava ya kawaida inaweza kuuzuia kufunguka wakati wa ajali.