SOMO: JIKO LA GESI LA KUCHOMEA NYAMA



Somo la safari hii linahusu jiko la gesi la kuchomea nyama. Wengi wetu tumejifunza kazi hii kwenye mkaa, na hakuna wa kutufundisha kupepea wala kusoma kaa kwa macho. Sasa mwenye hoteli analeta sanduku la chuma lenye kifuniko, analiweka uani pamoja na mtungi na mpira, kisha anasema kuanzia kesho litumike hilo. Kijitabu cha maelezo ama kimetupwa na makaratasi ya kufungia, ama kimefungiwa ofisini. Mchomaji anapewa kibiriti tu.

Mabadiliko haya hayatarudi nyuma. Mei 2023 Rais wa Uganda alitoa amri ya kukataza uchomaji wa mkaa wa biashara katika Uganda ya Kaskazini, ambako mkaa mwingi wa Kampala ulikuwa ukitoka. Tanzania nayo iliziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024. Kwa hiyo mfanyakazi anayeijua gesi atakuwa na kazi, na asiyeijua atakuwa na hatari. Tujifunze.

Kwanza, gesi yenyewe. Gesi ya mitungi tunayotumia kwetu ni mchanganyiko wa propeni na buteni. Ndani ya mtungi imegandamizwa mpaka imekuwa maji. Ukiutikisa mtungi utasikia yakicheza. Ikitoka inageuka hewa na kutanuka sana: lita moja ya propeni ya maji hutoa lita 270 hivi za gesi. Tena gesi hii ni nzito kuliko hewa ya kawaida, mara moja na nusu kwa propeni na mara mbili kwa buteni. Haipandi juu kama moshi. Inashuka, inatambaa sakafuni, inaingia kwenye mitaro na mashimo, na inangoja. Propeni ikifika sehemu 2 tu katika 100 za hewa, cheche moja inatosha. Gesi haina harufu yake ya asili. Ile harufu mbaya tunayoijua imetiwa makusudi ili pua itupe habari. Basi pua ikisema, isikilizwe.

Kwa sababu hiyo jiko hili ni la nje, mahali penye upepo wa kupita, mbali na mtaro, na angalau hatua moja kubwa kutoka ukutani au kwenye turubai. Mvua ikinyesha, wengine hulivuta ndani ya stoo wakiendelea kuchoma. Usikubali. Mbali na moto, jiko linalowaka ndani ya chumba kilichofungwa linaweza kutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ileile inayowaua watu wanaolala na jiko la mkaa.

Mtungi usimame wima siku zote. Ukilazwa, gesi ya maji huingia kwenye regyuleta na mpira, na moto unaotoka hapo hautii mkono wa mtu. Regyuleta ni kile kichwa kinachopunguza nguvu ya gesi kabla haijafika jikoni. Kila jiko lina kipimo chake cha nguvu ya gesi, nacho huandikwa kwenye kibati cha jiko na juu ya regyuleta. Namba hizo zipatane. Jiko lililotengenezwa kwa gesi ya mabomba ya mijini Ulaya lina matundu makubwa zaidi, na likifungwa kwenye mtungi hutoa moto wa kutisha. Majiko ya mitumba yanayoingia bandarini yachunguzwe na fundi wa gesi. Fundi wa baiskeli, hata awe hodari namna gani, hafai hapa.

Mpira uwe wa gesi, si wa kumwagilia bustani. Ufungwe kwa vibano pande zote mbili, na usipite chini ya tumbo la jiko lenye moto. Ukiukunja ukaona nyufa, kazi yake imekwisha.

Sasa jaribio ambalo mchomaji asiliruke kila mtungi unapobadilishwa. Changanya sabuni na maji mpaka yatoe povu. Vifungo vyote vya jiko vikiwa vimefungwa, fungua mtungi, kisha paka povu kwenye valvu, regyuleta, mpira wote na maungio. Povu likivimba na kutoa mapovu mapya, pana uvujaji. Funga mtungi, kaza, jaribu tena. Usijaribu kwa kiberiti. Tunalisema hili kwa sababu wapo wanaojaribu kwa kiberiti.

Kuwasha kuna utaratibu wake. Fungua kifuniko cha jiko kwanza. Jiko lililofunikwa hukusanya gesi, na likipata moto kifuniko hurushwa pamoja na nyusi za mchomaji. Hakikisha vifungo vyote vimefungwa, ndipo ufungue mtungi polepole. Baadhi ya regyuleta, hasa za majiko ya Kimarekani, zina kinga ndani yake: ukifungua kwa ghafla zinadhani mpira umepasuka na kuibana gesi, moto ukabaki mdogo mchana kutwa. Dawa yake ni kufunga vyote, kungoja dakika moja, na kuanza upya kwa utulivu. Kama unatumia kiberiti, moto utangulie na gesi ifuate. Washa kichomeo kimoja, kisha vingine. Kisipowaka katika nukta tano, funga, ngoja dakika tano gesi itawanyike, ndipo urudie.

Moto mzuri ni wa buluu. Moto wa manjano wenye kutoa masizi unaomba hewa. Mara nyingi kuna uchafu kwenye bomba la kichomeo. Buibui hupenda kujenga humo jiko linapokaa siku nyingi bila kazi, na utando mdogo tu unatosha kuurudisha moto nyuma kuelekea vifungo.

Tuje kwenye nyama. Funika jiko tupu kwa dakika 10 hadi 15 lipate joto, kisha sugua wavu kwa brashi na upake mafuta nyama, si wavu. Usiwashe vichomeo vyote kwa nguvu moja. Acha upande mmoja mkali na mwingine umezimwa. Mishkaki iende upande mkali. Paja la kuku au mbavu za mbuzi zianzie hapo zipate rangi, kisha zihamie upande uliozimwa, kifuniko kishuke, ziive kwa joto linalozunguka. Ukifungua kila dakika kuchungulia, unafukuza joto ulilolinunua. Kuku ameiva joto la ndani likifika nyuzi 74 za Sentigredi, na kipima joto kidogo cha kuchoma nyama kingewaondolea wachomaji ugomvi mwingi na wateja.

Watasema nyama ya gesi haina ladha. Sehemu kubwa ya ile ladha ya kuchoma hutoka kwenye mafuta na maji ya nyama yanayodondoka juu ya chuma cha moto na kurudi juu yakiwa moshi. Gesi nayo hufanya hivyo, mradi vile vibati vilivyo juu ya vichomeo viwe safi na vya moto.

Lakini mafuta hayohayo ndiyo adui wa pili. Tumezoea kunyunyizia maji mkaa unapolipuka. Juu ya mafuta yanayowaka, maji huruka na moto kumfuata mtu usoni. Ondoa nyama, funga vichomeo na mtungi, na uwe na kizima moto cha poda karibu, si kwenye kabati la meneja. Sinia ya mafuta imwagwe na kusafishwa kila siku. Kazi ikiisha, funga mtungi kwanza, gesi iliyobaki kwenye mpira iungue, ndipo ufunge vifungo.

Sasa hesabu, maana wachomaji wengi hulaumiwa kwamba wanaiba gesi. Kilo 1 ya gesi hutoa nguvu ya kilowati-saa 12.8 hivi. Jiko la vichomeo vitatu vya kilowati 3 kila kimoja, likiwaka kwa nguvu zote, hula kilowati 9, yaani gramu 700 kwa saa. Mtungi wa kilo 6 utakwisha baada ya saa 8 na nusu. Wa kilo 13 baada ya saa 18 hivi. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa juu ya shingo yake. Kama umeandikwa kilo 14.2 na mizani inasoma 25.2 siku unapoletwa, mmepokea kilo 11 na kulipia 13. Mwiteni mwajiri aone mwenyewe, na andikeni daftarini.

Mtungi wenye uzito pungufu, usio na lakiri au uliojazwa uchochoroni usipokelewe kabisa. Mtungi halali hujazwa kiasi cha asilimia 80 ili gesi ya maji ipate nafasi ya kutanuka kwa joto. Anayejaza gizani hapimi. Huko Embakasi, Nairobi, usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka mahali palipokuwa pakijaza mitungi bila kibali. Watu walikufa na mamia walijeruhiwa, wengi wao wakiwa majumbani mwao.

Mfanyakazi akinusa gesi na kuambiwa awashe tu kwa sababu wateja wanangoja, afanye nini? Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 13 kwamba mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi anayoamini kwa sababu za haki kuwa ina hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake, alindwe asiadhibiwe. Tangu Juni 2022 mkataba huo umo katika mikataba ya msingi ya Shirika, ambayo kanuni zake kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu. Funga mtungi, usiguse swichi ya taa, waondoe watu, kisha mwite mjumbe wa tawi na kueleza ulichonusa, mahali na saa.

Kwa darasa la tawi: leteni mtungi mmoja, mizani na bakuli la povu. Kila mwanachama apime, apake, na asome namba za regyuleta kwa sauti. Mtakapomaliza, mjadili ni nani katika hoteli yenu anayepaswa kununua mpira mpya, na mara ya mwisho aliununua lini.