Mtoto Asiyetulia: Msilaumiane

Kijijini mtoto ni wa wote, na makosa yake hujulikana na wote. Asubuhi amevunja mtungi wa jirani. Jioni habari imefika sokoni. Jumapili, Misa ikiendelea, yeye anakimbia kati ya viti. Mkifika nyumbani baba asema, "Umemdekeza." Mama ajibu, "Amefuata ukoo wenu." Hapo ndipo ndoa huanza kuumia.

Fahamuni kwamba huenda huo si utukutu wala laana. Iko hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia, kusikiliza na kungoja zamu yake. Dalili huanza kabla ya miaka 12, hudumu miezi 6 au zaidi, na huonekana nyumbani na shuleni pia. Mara nyingi hurithiwa, lakini kurithisha si kosa la mtu. Kiboko hakiiponyi.

Fanyeni hivi:

1. Kubalianeni sheria chache, nanyi wote wawili mzishike.
2. Mpeni agizo moja kwa wakati. Akilitimiza, msifuni papo hapo.
3. Waelezeni mwalimu, majirani na Jumuiya Ndogo Ndogo kabla lawama hazijafika.
4. Mpelekeni kwa daktari, au kituo cha serikali cha kupima watoto wenye mahitaji maalum. Hapa Kenya vituo hivyo vilianza 1984.

Usiku akishalala, tajeni pamoja jambo moja jema alilotenda, mkamshukuru Mungu.

Swali la kujadili: Ni lini mara ya mwisho tulimtetea mtoto wetu tukiwa wawili?